Bass Abaki Naivasha, Sisi Tuanze na Kambale

Vijana wa Butembo na Beni wanamjua bass. Hawajamshika wala kumwonja, na mito ya Kivu ya Kaskazini haina hata mmoja. Wamemwona kwenye simu tu. Mwanamume mwenye kofia amesimama kwenye boti inayong'aa, fimbo yake inapinda, samaki wa kijani mwenye mdomo mpana anaruka juu ya maji, anapimwa, anapigwa picha, kisha anarudishwa ziwani. Video ikiisha, maswali mawili hufuatana. La kwanza: na sisi hatuwezi kuanza mchezo huu kwenye maziwa na mito yetu? La pili: na samaki huyo, hatuwezi kumleta?

Swali la kwanza nalijibu ndiyo, tena tumechelewa. La pili nalijibu hapana, hata kwa bwawa moja la kujaribia. Majibu haya mawili yanashikana, kwa sababu aliyeelewa kwa nini bass hatufai ndiye atakayejua avue nini, wapi na kwa njia gani.

Tuanze na mgeni mwenyewe. Bass ni samaki wa Amerika Kaskazini. Anajificha kando ya majani ya majini, kisha anakirukia chochote kinachopita na kuenea mdomoni: samaki wadogo, vyura, wadudu. Hasira hiyo ndiyo inayowafurahisha wavuvi wa burudani, maana anashambulia hata chambo cha plastiki. Afrika Mashariki hakufika kwa kuogelea. Walowezi wa Kenya walimweka katika Ziwa Naivasha miaka ya 1920 ili wapate mchezo wa mwisho wa wiki.

Wanaotaka bass aletwe Butembo wana hoja yenye nguvu kuliko wanavyodhani. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na Butembo iko chini kidogo ya hapo. Kwa hiyo baridi yetu haitamuua. Ataishi, atazaa, atashuka na maji. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Ziwa Naivasha lilikuwa na samaki mmoja mdogo wa asili ambaye hakupatikana mahali pengine. Tangu 1962 hakuonekana tena, na wataalamu wengi wanamnyooshea bass kidole. Baada ya bass na tilapia waliopandikizwa, wakaja kamba wekundu wa Louisiana, na mwanzoni mwa karne hii akaingia kapi, ambaye ndani ya miaka michache alijaza nyavu za watu. Kila mgeni aliharibu hesabu ya aliyemtangulia. Mvuvi wa pale hana mamlaka juu ya ziwa lake. Anasubiri kuona safari hii ni nani ameshinda.

Mfano mkubwa zaidi unatugusa karibu. Sangara, ambaye sisi Congo tunamwita kapitene, ni wa asili katika Ziwa Albert, pale Semliki inapomwaga maji yake. Miaka ya 1950 na 1960 alichukuliwa akawekwa Ziwa Victoria. Viwanda vya minofu vilijengwa, fedha zikaingia, lakini mamia ya aina za samaki wadogo zilizokuwa hazipatikani kwingine popote duniani zikapotea au zikabaki chache sana. Ziwa Edward limenusurika na sangara kwa sababu moja tu ya kimaumbile: maporomoko ya Semliki yanamzuia kupanda kutoka Albert. Maji yenyewe yametujengea ukuta, na ajabu itakuwa sisi kuuruka tukiwa na ndoo ya vifaranga vya bass begani.

Tena mahali tulipo hapasamehe kosa la namna hiyo. Milima ya Lubero ni mgongo unaogawa mvua. Maji yanayoteremka mashariki huenda Ziwa Edward na Semliki, na mwisho wake ni Nili na bahari ya Mediterania. Yanayoteremka magharibi huingia mito ya msituni, yakafika mto Congo na Atlantiki. Mabwawa yetu yamechimbwa mabondeni, kwenye vijito hivyohivyo, na ukingo wake ni udongo. Mvua kubwa ikibomoa ukingo mmoja, bass wa mtu mmoja anakuwa bass wa bonde zima la Nili au la Congo. Hakuna amri ya meya itakayomrudisha.

Najua jibu litakalokuja: mbona sambaza wa Ziwa Kivu alitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Goma na Bukavu zinamla kwa furaha? Ni kweli, na mimi ni miongoni mwa wanaomla. Lakini sambaza anakula vijidudu vinavyoelea katikati ya ziwa, mahali ambapo samaki wa Kivu walikuwa hawapatumii. Alipewa shamba ambalo halikuwa na mlimaji. Bass anakula samaki. Mahali anapokwenda kuna wenyewe tayari, na Ziwa Edward lina aina nyingi za samaki wadogo wa mawe na majani ambao hawako ziwa lingine lolote isipokuwa jirani yake George.

Wengine wanamtaka bass kwa sababu ya mabwawa. Kila mfugaji wa samaki kuanzia Beni hadi Lubero anaujua ugonjwa wa tilapia: wanazaana mno, bwawa linajaa vifaranga, chakula hakitoshi, na baada ya miezi mingi unavua samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Butembo hali ni mbaya zaidi, maana maji ya baridi humfanya tilapia adumae. Beni, iliyo chini kwa mita mia kadhaa, anakua haraka zaidi. Dawa inayojulikana ni kuweka mla samaki atakayepunguza vifaranga. Marekani kazi hiyo walimpa bass. Sisi tunaye kambale. Ni wa maji yetu, anavumilia tope, anapumua hewa maji yakipungukiwa, anakula vifaranga vya tilapia usiku kucha, na sahani ya kambale haihitaji kutangazwa kwa mtu wa Butembo. Anayetafuta samaki mkali wa kupigana naye kwenye ndoano ataridhika pia: kambale wa kilo tatu akizama chini na kujipindapinda, mkono utauma hadi kesho yake.

Sasa ndoano. Watu wetu wanaidharau. Wanaiona ni kazi ya watoto na wazee waliochoka. Uvuvi kwa wengi ni wavu, mtumbwi na injini. Lakini tazama wavu umetufikisha wapi. Upande wa Congo, ambao ni zaidi ya thuluthi mbili za Ziwa Edward, uko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925. Sheria inatambua vituo vitatu tu vya uvuvi: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Kando yake vimeota vituo vya magendo kwenye mwambao wa magharibi, na kila mtu anajua nyavu zinazotumika huko: zenye matundu madogo yasiyomwacha hata kifaranga, na vyandarua vya mbu vilivyotolewa kwa ajili ya malaria. Wakati huohuo viboko, ambao kinyesi chao kililisha maji na hivyo kuwalisha samaki, waliuawa kwa risasi za vita. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 25,000. Kufikia 2005 hawakutimia elfu moja. Mama anayeuza samaki wa Kyavinyonge sokoni hahitaji takwimu hizo. Anaona tilapia wake wanavyopungua upana mwaka hadi mwaka, na karibu naye makayabo wa chumvi na tomson wa barafu, samaki waliotoka baharini, wanazidi kuchukua nafasi mezani.

Wavu hauchagui. Ndoano inachagua, na inachagua mara mbili: kwanza kwa ukubwa wake, kisha kwa mkono wa anayeivuta. Tilapia jike akitaga huyabeba mayai na vifaranga mdomoni, na siku hizo karibu hali chochote. Chambo kinampita puani asikiguse. Wavu ukipita unamzoa pamoja na kizazi chake chote. Hiyo ni hekima ambayo hakuna kikao cha ushirika wala doria ya walinzi wa hifadhi inayoweza kuifundisha vizuri kuliko asubuhi moja kando ya bwawa.

Wala ustadi huu si wa kuazima. Pale Semliki inapotoka ziwani, Ishango, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akapata mfupa maarufu wenye michoro inayodhaniwa kuwa ya kuhesabia, uliopelekwa Brussels. Wengi wanaishia kwenye hesabu na kusahau kwamba pamoja nao zilipatikana chusa za mfupa na mabaki ya samaki. Kilomita chache kuelekea chini ya mto, Katanda, wachimbaji wa miaka ya 1980 walipata chusa nyingine zenye meno ya kukwamisha, ambazo umri wake unakadiriwa kuwa miaka 80,000 hadi 90,000, zikiwa na mifupa ya kambale wakubwa. Waliokaa hapo walimvizia kambale mkubwa anapokuja kando kutaga wakati wa mvua, wakamlenga mmoja mmoja. Uvuvi wa kumchagua samaki ulikuwa kwetu kabla dunia haijawa na uzi wa nailoni, sembuse boti za Florida.

Basi kijana anayetaka kuanza aanze hivi. Aache kwanza wazo la Ziwa Edward na Semliki. Pale ni hifadhini: bila kibali unakamatwa, na kuna mamba na viboko ambao hawasomi kibali. Tena tangu Oktoba 2014 mauaji ya waasi wa ADF yamewanyima watu wa Beni hata njia za kwenda mashambani, achilia mbali kukaa peke yako kando ya mto alfajiri. Ziwani nako Julai 2018 wanajeshi wa majini wa Congo na Uganda walirushiana risasi, wavuvi wetu wanaovuka mpaka usioonekana hukamatwa, na Vitshumbi iliingiwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Atakayekwenda Kyavinyonge aende kama mgeni wa wavuvi wenyewe, mchana, kwa ruhusa, akiwa amewauliza hali ya siku hiyo.

Shule ya kwanza ni bwawa la jirani. Mwombe mwenyewe, kubalianeni malipo kwa kilo au kwa kazi ya kufyeka ukingo. Fimbo ni mwanzi mkavu wa mita tatu au nne, mwembamba nchani. Uzi ni nailoni ya unene wa robo milimita kwa tilapia na karibu mara mbili yake kwa kambale. Fundo ni rahisi: pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, uzungushe juu ya uzi wenyewe mara tano au sita, rudisha ncha kwenye kitundu kilichobaki karibu na ndoano, lowesha kwa mate, kaza polepole. Uzi mkavu ukikazwa kwa nguvu unaungua na kukatika samaki akivuta. Kielezo cha kuelea juu ya maji ni kipande cha kambambili kuukuu. Uzito ni nati ndogo ya pikipiki. Kitu pekee cha kununua kwa makini ni ndoano, na hapo ndipo wengi wanaoanza hukosea: wananunua kubwa. Tilapia ana mdomo mdogo. Mpe namba 8 au 10. Kumbuka kwamba namba ikipanda ndoano inapungua.

Chambo kiko chini ya migomba: mnyoo. Wakati wa kumbikumbi hakuna kinachowashinda. Donge la bugali likikandwa na unga wa soya hushika vizuri na tilapia analipenda. Weka chambo nusu ya kina cha maji, kaa chini usisimame, kivuli chako kisianguke bwawani. Kielezo kikitikisika mara mbili usivute; tilapia anaonja. Kikizama au kikitembea kwa mshazari, inua mkono kwa ufupi, bila kumrusha samaki hadi kwenye kahawa ya jirani.

Kambale anataka jioni na chini kabisa. Mpe utumbo wa kuku au mnyoo mkubwa kwenye ndoano nene, legeza uzi, mwache aondoke nacho kidogo kabla ya kumkaza. Akitoka majini shika nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba ya mapezi ya kifua, maana mwiba huo huchoma na kidonda huuma siku nyingi. Ukimnasa kamongo, kata uzi au mpige kwanza. Usithubutu kutoa ndoano mdomoni mwake kwa kidole.

Atakayemaliza shule ya bwawa ndiye aende mto, kwenye vijito vya milimani karibu na watu, kumtafuta barbusi. Huyu ndiye bass wetu kama mchezo ndio unaotakiwa: magamba makubwa, mwili wa misuli, anakaa kwenye maji yanayokwenda mbio, na akishika anakimbia na mkondo. Mnyoo au panzi aachwe ateremke na maji juu ya mawe hadi kwenye shimo tulivu chini ya poromoko. Majira ya mvua, hasa Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, barbusi wa ziwani hupanda mito kwenda kutaga. Mwenye tumbo la mayai arudishwe. Hata kama nyumbani kuna njaa, huyo mmoja ni samaki wa mwaka ujao.

Hapa natofautiana na wale wa kwenye video. Wao humrudisha kila samaki, na mtu wa Beni akiona hivyo anacheka kwa uchungu. Sisi tunavua tule, na sioni aibu. Mtu aliyelipia kilo na kuivua kwa haki aibebe akaipike na ndizi. Kurudisha kuwe na sababu: mdogo anarudi, mwenye mayai anarudi, aliyetimia anakwenda nyumbani. Kanuni tatu hizo mtoto wa darasa la tatu anaziweka kichwani. Na moja ya nne isiyojadiliwa: hakuna utupa wala sumu ya duka majini. Anayetia sumu kijitoni anaua samaki wa mwaka mzima kwa mboga ya jioni moja, na mama aliye chini ya kijito anachota maji yaleyale.

Wengine watauliza kama mji uliopitia Ebola ya 2018 hadi 2020, uliokaa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, unaopokea wakimbizi kila wiki, una nafasi ya kuzungumzia mchezo wa samaki. Nadhani ndio wakati wake. Burudani ya kijana wetu siku ya Jumapili baada ya misa ni mpira kama uwanja uko wazi, au chupa. Ndoano haigharimu zaidi ya chupa hizo, inamweka kando ya maji ndani ya mtaa, mbele ya macho ya wazee, na anarudi na mboga. Sidai kwamba samaki watamaliza vita. Nasema tu kwamba siku iliyotumika hivyo haikupotea.

Kwa hiyo nina maombi kwa watu mahususi. Wenye mabwawa: fungueni siku moja kwa wiki kwa wavuvi wa ndoano kwa malipo. Bwawa lililojaa tilapia waliodumaa linahitaji kupunguzwa, na hapa kuna watu watakaolipa ili wawafanyie kazi hiyo. Ndugu zetu wafanyabiashara mnaoshusha makontena kutoka Guangzhou: wekeni ndani yake ndoano ndogo na nailoni nzuri, badala ya nyavu za matundu ya kidole. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kiandike kijitabu kifupi cha Kiswahili na Kinande juu ya kambale na tilapia bwawani. Huduma ya kilimo, uvuvi na ufugaji itamke wazi, kabla hajatokea wa kujaribu, kwamba hakuna samaki mgeni mla samaki atakayeingizwa katika mabonde haya.

Atakayekuja kunishawishi tena juu ya bass nitampokea vizuri. Kwanza tu anipeleke kwenye bwawa lake lililovuliwa kwa ndoano msimu mzima, lenye kambale ndani yake na ukingo usiovuja. Tukikuta tilapia wake ni wapana na kambale wake wameshiba, atakuwa tayari na mchezo anaoutafuta. Tukikuta wamedumaa, afadhali arudi kwenye ukingo wake na ndoano kuliko kwenda Naivasha na ndoo.